Karamu ya Kumuaga Rafiki Anayehama

Vijana wawili wa hapa Tinde wametujia wakitaka shauri. Rafiki yao, fundi cherehani, ahamia Katoro katika mkoa wa Geita kutafuta riziki, nao wataka kumfanyia karamu ya kuagana. Wauliza wachange kiasi gani, na karamu iwe ya namna gani. Twaona swali hili ni la wengi, maana mji wetu uko njia panda: barabara moja yaelekea Shinyanga na Mwanza, nyingine Isaka na Kahama. Kuhamia Geita si jambo jipya kwa Wasukuma, waliokwenda huko tangu miaka ya 1940 na 1950 kutafuta mashamba na malisho. Lakini tangu ilipofunguliwa migodi mikubwa, ule wa Geita mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001, haupiti mwezi ila twaagana na mtu.

Basi twawajibu hivi. Kabla hamjataja pilau, mwendeeni rafiki yenu faraghani mkamwulize ana deni la nani, na ana amana za nani mkononi mwake. Fundi cherehani hakosi vitambaa vya watu. Kanzu ya huyu imekatwa haijashonwa, sare ya mtoto wa yule imelipiwa nusu. Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, naye yu katika hatari ya kuuawa, alimwacha nyuma Sayyidna Ali (r.a.) ili awarudishie watu amana walizokuwa wamemwekesha. Mwenye kuandamwa na mauti hakuona udhuru. Apandaye basi ataupata wapi? Ikiwa rafiki yenu amebakiwa na deni la dukani la shilingi 30,000, na ninyi mmekwisha kadiria 300,000 za karamu, lilipeni deni kwanza, tena bila ya kulitangaza, kisha pikeni kwa kilichosalia. Mtu awezaye kurudi Tinde siku ya Idi bila ya kupita vichochoroni akilikwepa duka, huyo ameagwa vizuri.

Kisha ulizeni ni nani abakiaye. Wengi waendao upande wa dhahabu hutangulia peke yao. Mke na watoto hubaki hapa mpaka mambo yatengemae, na pengine hayatengemai. Sisi tufundishao madrasa twawajua watoto hao. Kwanza huja na daftari, kisha huja bila daftari, kisha hawaji. Kwa hiyo katika mkutano wenu wa kupanga karamu, andikeni kwanza jina la mtu atakayekwenda nyumbani kwa rafiki yenu kila wiki kuuliza hali, na la atakayejua kama mama yake mzee amepata dawa. Wapishi hawakosekani, wataandikwa baadaye.

Ama michango, desturi ya siku hizi ya kugawa kadi zenye kiwango, na kuwasumbua watu kwenye simu usiku na mchana kwa kutaja majina ya wasiotoa, hatuipendi na hatuoni haya kusema. Tulimwona mama mmoja mtu mzima, aliyemlea mwenye kuhama pamoja na wanawe, amefika mlangoni na kikapu cha michembe, akaulizwa kadi. Alikiweka kikapu chini akarudi kwake. Kila mtu na atoe awezacho mkononi mwa mwaminifu mmoja asiyesoma majina. Mwenye mchele alete mchele, mwenye kuku alete kuku, na asiye na kitu aje akae jamvini kama wenziwe. Tena michembe ile ndiyo masurufu hasa! Viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani hukaa miezi bila ya kuharibika, na fundi aliye katika chumba cha kupanga, hajapata mteja wa kwanza, atavichemsha usiku akawakumbuka watu wa kwao.

Chakula na kiwe wali na mbuzi mmoja, uani, baada ya swala ya Alasiri, watu watawanyike kabla ya Magharibi. Wasemaji wawili watosha, wala wasimsifu mtu aliye hai kana kwamba twamzika. Katika zawadi, fikirini mzigo wake: kabati halifai, mkasi mzuri wa fundi wafaa.

Lililo kubwa ni kumsindikiza. Mtume (s.a.w.) alipompeleka Muadh bin Jabal Yemen, alitoka naye akitembea kwa miguu, na Muadh amepanda mnyama, huku akimuusia, akamwambia kuwa huenda wasionane tena, na Muadh akalia. Hawakuonana tena. Naye (s.a.w.) alipoagana na msafiri, alikuwa akimkabidhi kwa Mwenyezi Mungu dini yake, amana yake na mwisho wa amali zake, dua hiyo ni fupi, na asiyeihifadhi aje tumfundishe. Basi mfikisheni rafiki yenu mpaka kituoni, mmoja amshikie cherehani, na aliyekabidhiwa nyumba asimame hapo, mwenye kusafiri amwone.

Mwulizeni pia atashukia wapi Katoro, na nani atampokea. Kama hana mtu, tunaye huko mwalimu mwenzetu wa madrasa. Njoni baada ya Isha tumpigie simu.