Tuwatengenezee wazee nyumba zao, tusiwahamishe



Ijumaa moja baada ya swala tulikwenda kata ya Bulyaga, mjini Tukuyu, kumjulia hali bibi mmoja ambaye darsa la akina mama lilikuwa limemkosa kwa wiki tatu. Tulimkuta ameketi kitandani, mkono wake wa kulia umefungwa kwa kanga na kuning'inizwa shingoni. Tulipomuuliza alijibu kuwa alijigonga mlangoni. Ni mtoto wa jirani, aliyekuwa akimletea maji, ndiye aliyetueleza ukweli. Bibi aliteleza usiku akienda chooni, akalala kwenye matope hadi alipopita mtu aliyekuwa akielekea msikitini kwa swala ya alfajiri. Bibi hakukanusha. Alitusihi jambo moja tu, nalo ni kwamba tusimpigie simu mwanawe. "Mkimwambia, shekhe, atakuja na gari kunichukua, nikakae Dar es Salaam ndani ya geti, nisimjue hata jirani yangu ni nani."

Tangu siku ile tumekuwa tukiwauliza wazee wengine wanaoishi peke yao, na tumekuta kwamba kuficha kuanguka ni desturi iliyoenea kuliko tulivyodhani. Mzee haogopi sana maumivu. Anachokiogopa ni hukumu itakayofuata, nayo ni kung'olewa nyumbani kwake. Kwa hiyo hunyamaza, na kwa kuwa hunyamaza, jiwe lile lile lililomwangusha hubaki pale pale likimngojea mara ya pili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wanaoathirika zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Tukisikia idadi hiyo tusifikirie majengo marefu na ngazi za Ulaya pekee. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu.

Wapo vijana wanaodhani kuwa kumhamisha mzazi ndiyo wema wenyewe, na huitolea hoja aya ya 23 ya Suratul Israa, inayowataja wazazi wanaofikia uzee wakiwa kwa mtoto wao. Lakini baadhi ya wafasiri wamelieleza neno hilo kuwa ni kuwa katika dhamana na uangalizi wa mtoto. Sisi hatuoni kuwa aya hiyo inamlazimisha mzazi kufungasha mizigo. Dhamana inaweza kufika Bulyaga hali mwenye dhamana yuko Kariakoo.

Aidha, kwa watu wa Rungwe mzee kukaa kwake si jambo geni lililoletwa na kizazi cha simu. Mtaalamu wa mila Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1951, alieleza jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao mbali na baba zao, na jinsi mke wa mtoto alivyotakiwa kumkwepa baba mkwe. Ila mzee wa zama zile alizungukwa na wenziwe wa rika lake, ambao moshi usipoonekana jikoni kwake asubuhi wangebisha hodi. Nyumba ya mzee imebaki, na rika limetawanyika. Kwa hiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na majirani kumi sasa yatakiwa ifanywe na jirani mmoja na nyumba yenyewe.

Basi tuitazame nyumba. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Njia ya kwenda choo cha nje, tena yenye mteremko katikati ya migomba, huwa na utelezi karibu mwaka mzima. Bibi yule huipita mara mbili au tatu kila usiku akiwa na kibatari mkono mmoja na fimbo mkono wa pili, miguuni amevaa ndala zilizolika soli. Tuliipita njia hiyo sisi wenyewe saa nane mchana, bila mvua, na mmoja wetu alikuwa nusura aanguke.

Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Hadithi hii tunaijua sote, na kila tupitapo barabarani huondoa mwiba kwa ajili ya wapita njia tusiowajua. Njia ya mama kwenda chooni ina haki zaidi. Kokoto za ndoo chache humwagwa na kushindiliwa, vidaraja huchongwa kwenye mteremko, na mianzi, ambayo wazee wa hapa waliijengea nyumba tangu zamani, hufungwa kwenye nguzo kuwa mhimili wa kushika. Ndani ya choo, seremala yeyote huweza kutengeneza kiti chenye tundu, maana kuchuchumaa ni rahisi kwa kijana, lakini kuinuka kwa mtu wa miaka 75 ni mtihani.

Na kwa nini atoke usiku? Hapa wazee wengi huona haya, na haya hiyo haina msingi katika dini. Imepokewa katika Abu Daud na An-Nasai kuwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa na chombo cha mti chini ya kitanda chake, akijisaidia haja ndogo humo nyakati za usiku. Ndoo yenye kifuniko iliyo karibu na kitanda, ikamwagwa na kuoshwa asubuhi, haimvunjii mtu heshima wala tohara yake. Tulipomweleza bibi hadithi hii alicheka sana, kisha akauliza kwa nini hatukuisema miaka yote hiyo darsani. Hatukuwa na jibu.

Hatari ya pili haionekani. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Tukuyu hupenya mifupa, na wazee huingiza jiko la mkaa chumbani, wakaziba dirisha na kulala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu huweza kufa usingizini bila kukohoa. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba nyumba moja iliungua Madina usiku watu wake wakiwa ndani, na Mtume (S.A.W.) alipopewa habari aliueleza moto kuwa ni adui, akaamuru uzimwe kabla ya kulala. Jiko liote nje, mzee apewe blanketi la pili na soksi nzito, na kibatari kibadilishwe kwa taa ya sola.

Hali kadhalika ibada. Tumewaona wazee wakitawadha alfajiri juu ya jiwe lenye ukoga, kwa maji ya baridi, wakijua kuwa tabu huongeza thawabu. Sheria imeweka ruhusa. Mkaazi aliyevaa khofu, yaani soksi za ngozi, akiwa na tohara huzipangusa kwa mchana na usiku mmoja badala ya kuosha miguu, na asiyeweza kusimama husali ameketi. Mvua na matope ni udhuru wa kusali nyumbani.

Serikali nayo ina wajibu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi. Lakini hakuna ofisi ya serikali itakayokuja kupigilia msumari kwenye mwanzi wa mama yako. Kijana anayerudi kwa Idd na shati jipya na kilo mbili za sukari, basi na alete msumeno. Alale usiku mmoja katika nyumba ile, aende chooni saa tisa usiku bila tochi ya simu, ndipo ajue la kufanya. Na kabla ya kugusa kitu amuulize mama, kwani nyumba ni yake.

Kwa bibi wa Bulyaga, tulimpigia mwanawe baada ya bibi mwenyewe kuridhia, kwa sharti kwamba neno gari lisitajwe. Alikuja, akakaa siku nne. Mwanzi umefungwa, kokoto zimemwagwa, na ndoo ipo. Jiko la mkaa bado bibi analiingiza chumbani, na Ijumaa ijayo tutakwenda tena kuzungumza naye.