Vasco da Gama Tunamjua, Lakini Mageta Je?

Swali la haraka: Vasco da Gama alifika Malindi mwaka gani? 1498, umejibu hata kabla nimalize. Sasa ingine: ni kisiwa gani cha Ziwa Victoria, unapanda boti Usenge kukifikia, ambapo mkoloni alifungia watu wa Mau Mau?

Kimya. Usijali, hata mimi nilimaliza sekondari bila kusikia jina Mageta darasani. Mau Mau kwetu ilikuwa Kimathi na msitu, basi. Kumbe miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, wasee walikuwa wanatolewa kwao mlimani wanaletwa huku kwa omena.

Na si Mageta tu. Hapo hapo Yimbo kuna Got Ramogi, mlima ambao wazee husema Ramogi na watu wake walitua walipoingia Kenya, karne kadhaa zilizopita. Watu bado hutoa dawa za miti huko. Mtoi anauona mlima akienda shule, halafu darasani anakariri "Wajaluo walitoka Sudan" juu ya mtihani.

Prof. Bethwell Ogot, mtu wa Gem hapo Siaya, alishtukia hii kitu mapema. Kuna wasomi wa Ulaya walikuwa wanadai Afrika haina historia ati kwa sababu haikuandikwa. Buda akaenda akaketi na wazee, akawasikiza, na 1967 akatoa kitabu kizima cha historia ya Wajaluo. Alituacha Januari 2025. Wale wazee walitangulia kitambo.

Huko Arizona, Marekani, mambo yalikuwa moto zaidi. 2010 walipitisha sheria iliyofanya shule za Tucson zifunge masomo ya historia ya Wamarekani wenye asili ya Mexico. Wanafunzi wakaenda korti, na 2017 jaji akasema huo ulikuwa ubaguzi. Sisi hakuna mtu ametukataza. Katiba yenyewe, Kifungu cha 11, inaita utamaduni msingi wa taifa. Tumenyamaza tu.

CBE nayo inafunza lugha ya mama mpaka Gredi ya 3, hiyo ni poa. Lakini ukifika Gredi ya 10, History and Citizenship ni ya kuchagua. Mtoi wa STEM anaweza maliza shule bila kuigusa tena.

Odijo simlaumu. Mtihani wa nchi nzima hauna haja na Mageta, kwa nini achome wiki nzima huko? Lakini kwa CBE kuna maksi zinatoka kwa kazi za shuleni. Badala ya mzazi kununua manila tena (maze, tumenunua za kutosha), mwalimu wa Usenge anaweza kutuma watoi kwa jaduong' mmoja aliyekuwa mdogo wakati ule, wamuulize aliona nini, waandike kwa Dholuo, wapewe maksi.

Mtu aliyekuwa na miaka kumi 1955 sasa amepita themanini. Dani yangu alikuwa wa rika hiyo. Alipoenda, nilibaki na picha zake kibao kwa simu, na hakuna hata moja akiongea.