Msomi wa Popo na Mkulima wa Kyela

Wako ndugu wanaocheka wakisikia kwamba mtu amesoma hata Chuo Kikuu, kisha akashika kazi ya kufuata popo usiku. Kicheko hicho chaweza kututia hasara, na wa kwanza kuilipa ni mkulima.

Kule Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, nyumba nyingi zategemea kakao. Katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, wataalamu waliifunika mikakao kwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa mavuno yalipungua kwa asilimia 31. Kumbe shamba lilikuwa na walinzi wasiodai mshahara!

Lakini hesabu ya Sulawesi si hesabu ya Kyela. Ya Kyela itajulikana kwa kupima Kyela: kutega nyavu jioni, kutambua kila aina, kuandika, na kurudi tena msimu ujao. Hiyo si kazi ya siku moja, bali ya maisha. Jirani zetu wa Kenya wanaye Paul Webala, aliyeishika. Hata Pemba, popo aliyekuwa karibu kutoweka aliongezeka wanavijiji walipoelimishwa, wakamlinda wenyewe.

Basi, kijana wa Matema au Ipinda akitaka kusomea wanyama wa mwitu, asichekwe, bali asaidiwe. Naye mkulima, kabla hajamfukuza popo kwa moshi, aulize kwanza anakula nini. Hatuwezi kujitegemea ikiwa mashamba yetu twayajua mchana tu.