Nahodha halisi yuko Kojani, tumpeni boti

KILA wikiendi tunamwimba nahodha. Nahodha wa Simba kafanya hivi, nahodha wa Yanga kasema vile, nahodha wa Taifa Stars kaongoza wenzake kushangilia. Neno lenyewe tumelizoea mpaka tumesahau lilikotoka. Nahodha ni mtu wa baharini. Ndiye anayekiongoza chombo, anasoma upepo na mkondo, na wote waliomo wanamsikiliza yeye. Mpira uliliazima neno hilo na mpaka leo haujalirudisha.

Leo tunalirudisha kwao, yaani baharini, na bahari yenyewe ni ya Pemba. Tunataka kuzungumzia boti. Si boti ya kuvuka kwenda Unguja, ni boti ya mashindano ya kupiga makasia. Mchezo huu uko kwenye Olimpiki tangu mwaka 1900, lakini sisi tuliozungukwa na maji pande zote tunautazama kwenye televisheni kama vile umetungwa kwa ajili ya watu wa sayari nyengine.

Shabiki wa kandanda, usifunue ukurasa kwanza. Jambo hili linakuhusu.

Boti inayojulikana zaidi katika mchezo huu ni ya watu wanane. Ni nyembamba na ndefu, inafika kama mita 17, na wanane hao wanakaa wameupa mgongo upande wanakokwenda. Kila mmoja ana kasia moja. Kiti chake kinateleza mbele na nyuma ili nguvu ya miguu iingie kwenye kasia, maana mbio hizi zinashindwa au kushinda kwa miguu kabla ya mikono. Wa tisa hapigi kasia. Yeye ameshika usukani, anaona mbele, anahesabu mapigo na kupaza sauti. Wenzake wanane hawaoni kitu, wanamuamini yeye tu. Timu kubwa za dunia zinamaliza mita 2,000 kwa muda usiofika dakika sita. Akitokea mmoja kuchelewesha pigo lake, boti nzima inayumba. Hakuna mchezaji wa akiba wala wa kujificha pembeni mwa uwanja.

Hata hivyo tusidanganyane, boti hiyo haitufai. Inataka maji yaliyotulia kama ya bwawa. Ukiipeleka kwenye mkondo wa Pemba kusi likiwa limechachamaa, itajaa maji kabla hujahesabu kumi.

Inayotufaa ni ndugu yake, boti ya makasia ya pwani. Hii imeundwa kwa ajili ya mawimbi. Ni pana zaidi, ni nzito zaidi, na nyuma iko wazi ili maji yanayoingia yatoke yenyewe. Ile ya wapiga makasia wanne na nahodha wao haitakiwi kuzidi urefu wa mita 10.70, wala kupungua uzito wa kilo 150. Ya watu wawili mwisho wake ni mita 7.5, na ya mtu mmoja ni mita 6.

Na mashindano yake ni ya mtoano, kitu ambacho shabiki wa mpira hahitaji kuelezwa mara mbili. Wanashindana wawili wawili. Kengele ikilia mnakimbia ufukweni, mnarukia boti, mnapiga makasia mita 250 kwa kupindapinda kwenye maboya, mnageuza la mwisho, mnarudi moja kwa moja, mnaruka chini na kukimbilia mstari wa kumaliza. Aliyeshinda anasonga mbele, aliyeshindwa anafunga virago. Dakika chache tu kila kitu kimekwisha, na watazamaji wamesimama ufukweni wanaona mwanzo hadi mwisho. Hakuna VAR wala kupoteza muda kwa kujiangusha.

Mchezo huu umeingizwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028: mbio za mwanamume mmoja, za mwanamke mmoja, na za boti ya mwanamume na mwanamke pamoja. Vile vile umewekwa kwenye ratiba ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, michezo ya kwanza ya Olimpiki kupewa ardhi ya Afrika. Kwa maneno mengine, mlango uko wazi na foleni bado ni fupi.

Hapo kwenye foleni ndipo penye hoja yetu. Kijana wa Micheweni anayetaka kufika mbali kwa mpira anashindana na kila kijana wa Tanzania mwenye miguu miwili. Akivuka hapo, anakutana na wa Afrika Magharibi. Wachache wanafika na tunawapongeza, ila waliobaki ni wengi mno, na wengi wao wana vipaji vya mambo mengine ambayo hakuna aliyewahi kuwapima. Ukienda Kojani utakuta watu wanaojulikana pwani yote ya Afrika Mashariki kwa kwenda dago, wanahama na vyombo vyao kufuata samaki kwa wiki na miezi. Ukienda Tumbe, Wesha, Makoongwe au Kisiwa Panza utakuta watoto wanaojua maji yanapojaa na yanapotoa kabla hawajajua hesabu za kugawanya. Mabega yao yamekomazwa na kafi na pondo. Mwalimu wa Ulaya analipwa kumfundisha mtoto asiogope wimbi, na mtoto wa Pemba kazaliwa nalo mlangoni.

Tunajua kuna atakayesema, mbona resi za ngalawa tunazo? Ni kweli tunazo na tunazipenda. Lakini ziangalieni tunavyozifanya. Zinaitwa siku ya sherehe, viongozi wanakaa chini ya turubai, picha zinapigwa, washindi wanapewa zawadi, na biashara imekwisha mpaka sherehe nyengine. Hakuna ligi wala kocha, na hakuna anayeandika fulani wa shehia fulani kashinda mara ngapi. Mpira wa mchangani wa chandimu una kumbukumbu nzuri kuliko resi za ngalawa. Tumeufanya mchezo wa wazee wetu kuwa pambo.

Na tuseme ukweli mwengine: ngalawa ya resi inakwenda kwa tanga, na boti hii inakwenda kwa kasia. Ufundi wake ni tofauti. Bingwa wa kushika tanga hawi bingwa wa makasia kwa kuvishwa jezi tu. Atafundishwa kukaa, kusukuma kwa miguu, kupiga kwa mwendo mmoja na mwenzake. Lakini kusoma bahari, ambako ndiko kugumu, anakuja nako kutoka nyumbani.

Majirani zetu wamekwisha kuanza. Asiya Mohamed Sururu, mtoto wa Mombasa aliyepoteza miguu yote miwili akiwa mdogo, alipiga makasia mpaka akafika Paralimpiki ya Tokyo na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki mchezo huo huko. Kathleen Noble aliipeleka bendera ya Uganda kwenye makasia ya Olimpiki hiyo hiyo ya Tokyo, akarudi tena Paris 2024. Uganda haina hata tone la bahari! Sisi medali zetu za Olimpiki bado ni zile mbili za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980. Waliokuwa wachanga mwaka ule leo wana wajukuu.

Wala hatusemi Pemba iache mpira. Kurasa hizi zinaishi kwa mpira. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilipelekwa Gombani, likachezwa na timu za taifa, na Zanzibar Heroes wakalibeba kwa kuwafunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Mashindano yale yalionesha Pemba ina watu wa kujaza uwanja na moyo wa kubeba tukio kubwa. Tatizo ni kwamba tukio likishaondoka, kijana anabaki na kiwanja cha vumbi na ndoto ile ile moja. Kisiwa chenye mchezo mmoja tu ni kama timu yenye mshambuliaji mmoja: akiumia, msimu umekwisha.

Sasa fedha. Boti hizi zinatoka nje na si rahisi, hilo halina ubishi. Lakini kwenye mashindano ya ufukweni, kwa kawaida waandaaji ndio wanaotoa boti, na timu inasafiri na watu wake. Kwa hiyo mahitaji yetu ni boti za mazoezi, si meli ya mizigo ya kuzisafirisha. Boti mbili za watu wawili, moja Mkoa wa Kaskazini Pemba na moja Mkoa wa Kusini Pemba, zinatosha kuanza. Kabla hazijafika, mafundi wetu wanaounda mashua kwa mikono hawashindwi kuunda chombo cha mbao cha makasia manne cha kufanyia mazoezi. Shoka na tezo wanazo. Wanachosubiri ni mtu wa kuwaagiza.

Kuna jambo la tatu, nalo ni zito kuliko medali. Kisiwa hiki hakijasahau Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama ikiwa safarini kuja Pemba na kuondoka na ndugu zetu wengi. Makasia hayawezi kuzuia meli isizidishiwe abiria, hiyo ni kazi ya sheria. Ila klabu ya makasia haiwezi kumpandisha mtoto botini bila kwanza kumfundisha kuogelea, kuvaa jaketi la kuokolea na kumuokoa mwenzake. Tukipata vijana mia wenye elimu hiyo, hata wasipoleta medali, hatujapata hasara.

Na tunaposema vijana, wamo mabinti. Wanawake wa Pemba wako majini kila bamvua wakilima mwani, halafu likija suala la michezo tunawaambia maji si mahali pao. Wapangiwe muda wao, walimu wa kike na mavazi ya kujisitiri, kisha tuone. Nusu ya medali za mchezo huu ni zao.

Ombi letu kwa Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar na Kamati ya Olimpiki Tanzania ni fupi. Kwanza, mkae meza moja mseme nani anausimamia mchezo huu kwa Pemba, kwa jina na kwa ofisi, ili tujue wa kumuuliza. Pili, resi za ngalawa zipewe kalenda ya msimu mzima, shehia kwa shehia, matokeo yaandikwe, na ndani yake ziwekwe mbio za makasia ili vipaji vionekane. Tatu, muombe walimu na boti kwa chama cha dunia cha mchezo huu, maana asiyeomba hapewi.

Sisi tunaahidi la kwetu. Siku resi hizo zitakapopewa ratiba, matokeo yake yatachapwa kwenye kurasa hizi kama tunavyochapa ya Jamhuri ya Wete, na jina la nahodha litakuwa la kwanza.