Andikeni Maji Yanakupwa Saa Ngapi

Ndugu zangu wa Unguja,

Nimesoma kwamba mwaka 2024 tulipokea watalii zaidi ya 700,000, na kila anayehojiwa anajipongeza. Hongereni. Sasa niambieni: katika hao, wangapi walishuka Paje asubuhi na nguo za kuogelea wakaikuta bahari haipo?

Mimi huku Bristol ndiye ninayeulizwa. Wenzangu kazini wakishajua natoka Zanzibar huniletea simu zao niwasomee maelezo ya safari kabla hawajalipa. Viza imeelezwa, dola 50 kwa pasi ya Uingereza, na ndiyo ninayoishika sasa, maana nchi yetu haikubali uraia wa nchi mbili (hilo tuliache, mama yangu hulisema vya kutosha). Bima ya wageni ndiyo imeelezwa vizuri kuliko vyote: dola 44 kwa mtu mzima, tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Mifuko ya plastiki marufuku. Funika mabega Mji Mkongwe, na Ramadhani usile njiani mchana. Kisha picha ya maji ya buluu, basi! Hakuna hata mstari mmoja unaosema kwamba maji hayo huondoka.

Hapa jirani pana mji wa pwani, Weston-super-Mare. Bahari yake ina rangi ya chai ya maziwa na baridi yake sikutakieni. Maji yakipwa hutoka mbali mno, yakaacha tope la kunasa mtu. Lakini mbao za onyo zimesimamishwa ufukweni, na dukani huuzwa kijitabu chenye saa za maji kujaa na kupwa kwa mwaka mzima. Kijitabu chembamba, cha bei ndogo. Nilipokishika niliona wivu, kisha nikaona hasira, na hasira yenyewe ni juu yenu.

Kwa sababu nyinyi mnayajua haya bila kijitabu. Muulizeni bibi yeyote wa Jambiani. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi, hujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku husogea mbele karibu dakika 50. Baada ya wiki ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Tangu kilimo cha mwani kianze mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wa pwani ya mashariki wamepanga maisha yao yote kwa hesabu hiyo: lini kufunga mbegu, lini kuvuna, lini kupika mapema. Elimu yote hiyo imekaa vichwani, na mgeni aliyelipa nauli ya maelfu anaambiwa alete mafuta ya jua.

Matokeo yake mnayaona. Mgeni anatembea kuifuata bahari, kilomita nzima, anakanyaga kamba za mwani za watu na wale wanyama wa miba. Maji yanaporudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yake, naye bado anapiga picha. Wengine wanapelekwa fungu la mchanga la Nakupenda bila kuambiwa kwamba maji yakijaa fungu lenyewe linazama. Jioni mgeni anamgombeza mwenye hoteli, kana kwamba mwenye hoteli ndiye aliyevuta kizibo.

Jamaa yangu mmoja mwenye vyumba vya wageni alinijibu, "Ukiwaambia maji hutoka, hawaji." Upuuzi! Wafaransa wanao Mont-Saint-Michel, na watu husafiri makusudi siku za bamvua kubwa wakayatazame maji yakirudi. Anayetaka kuogelea kutwa aambiwe aende Nungwi au Kendwa, huko bahari haitoki mbali hivyo. Anayetaka upepo wa kaskazi au kusi aende Paje na tiara lake. Hapo nani amepoteza mteja?

Ninachotaka ni ubao. Ubao mmoja Paje, mmoja Bwejuu, mmoja Jambiani, Kiwengwa, Matemwe, saa za maji zimeandikwa kwa Kiswahili kwanza na lugha za wageni chini yake, zikibadilishwa kila mwezi unapoandama. Na jedwali hilohilo litumwe pamoja na risiti ya bima, maana barua pepe ya mgeni tayari mnayo. Kazi ya kuandika msiwape wataalamu wa mjini. Mpeni mwanamke wa mwani, na mumlipe.

Najua mtasema ni rahisi kupanga mambo ukiwa umekaa karibu na hita. Kweli ni rahisi. Nyinyi ndio mliobaki na wazee, na mazishi, na umeme unaokatika. Mwanangu kazaliwa huku. Saa za maji ya Jambiani anazitazama kwenye programu ya simu ambayo haikutengenezwa na mtu wa Jambiani, na mimi ndiye niliyepaswa kumfundisha kuutazama mwezi.

Basi anzeni na Jambiani. Shangazi yangu angali ana kamba zake pale, mwulizeni yeye. Pesa ya mbao na rangi nitaituma kabla ya kaskazi kuanza, ila msimwambie imetoka kwangu. Atairudisha.