Bahari Yetu Nayo Ina Majira

Wanafunzi wengi humaliza masomo ya sekondari wakiamini kwamba bahari ya nchi za joto haina majira. Nami nilifundishwa karibu hivyo nilipokuwa ng'ambo, kwa vitabu vya watu wa pwani za barafu. Mvuvi wa Unguja asiyejua kusoma angeweza kuvisahihisha.

Tutazame bahari iliyo baina ya Unguja na Bara. Kina chake ni makumi machache tu ya meta, kwa hiyo haikawii kupata joto wala kupoa. Wakati wa kaskazi upepo huwa mpole na jua kali. Kufikia Machi maji ya juu huwa na joto la nyuzi 29 au 30 za Sentigredi. Kusi ikivuma, maji huvurugwa na kupoteza joto kwa mvuke, hata Agosti yakashuka hadi nyuzi 25 au 26. Chumvi, ambayo kwa kawaida ni gramu 35 hivi katika kila kilo ya maji, hupungua karibu na Bara wakati wa masika, Rufiji, Ruvu na Wami zinapofurika.

Nyuzi 4 zaweza kudhaniwa kuwa si kitu. Lakini matumbawe huishi karibu sana na ukomo wa joto yanaloweza kulistahimili. Joto likizidi upeo wa kawaida kwa nyuzi 1 tu, kwa majuma kadhaa, hupoteza mwani mdogo sana uyalishao, yakageuka meupe. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, na tena mwaka 2016. Wanawake wakulima wa mwani nao wameona aina yenye bei nzuri zaidi ikifa katika maji ya kina kifupi yaliyopata joto mno.

Je, tuyaonayo ni majira tu, au ni badiliko la kudumu? Asiyeijua kawaida hawezi kuitambua ajabu. Satelaiti hupima joto la uso wa bahari kuu, lakini haziyaoni vyema maji ya ufukweni, nayo ndiyo yanayotulisha.

Kwa maoni yangu, kila shule ya sekondari ya pwani yapaswa kuwa na daftari la bahari. Vyatosha ndoo, kipimajoto na hidromita. Wanafunzi wapime mahali pamoja kila juma, waandike tarehe, saa, upepo na hali ya maji, kama yanajaa au yanakupwa. Maana maji ya kupwa adhuhuri hayalinganishiki na maji ya kujaa alfajiri.

Mwalimu atauliza: mtihani je? Joto, mvuke na densiti zimo tayari katika mafunzo ya fizikia na jiografia. Daftari hilo litazitoa ubaoni na kuzipeleka majini. Nalo likitunzwa miaka 20, litakuwa hazina ambayo hakuna mtaalamu yeyote awezaye kurudi nyuma kuipima.