Mtoto wa shoto ataka gitaa, atalipata wapi Kisii?

Mama mmoja wa Kebirigo, kule Nyamira, ametuletea swali ambalo ukilitazama juu juu utaliona dogo. Bintiye mwenye umri wa miaka 12 ni mashoto tangu aanze kushika kijiko, na sasa anataka gitaa la umeme. Mwalimu wa kwaya ya vijana amemwambia ashike gitaa kama wenzake ama aachane nalo. Mama amezunguka maduka ya mjini Kisii mara mbili, na kila gitaa aliloonyeshwa lilikuwa la mkono wa kulia, tena refu kwa mtoto. Akiba aliyo nayo yatosha kununua mara moja tu. Afanyeje?

Kwanza tumalize hili la mwalimu. Lugha yetu yenyewe haijamtendea mashoto haki. Mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula, na ukimpa mzee kitu kwa kushoto utaambiwa huna adabu. Lakini gitaa si salamu. Isitoshe, Abagusii wana obokano, ile ala yao kubwa ya nyuzi nane yenye mvumo mzito, ambayo huchunwa kwa mikono yote miwili. Hapo nani atauliza mkono upi ndio bwana?

Hata hivyo, mwalimu ana hoja moja. Mtoto akijifunza kwa kulia, kila gitaa lililoko kanisani, shuleni na kwa jirani ataweza kulipiga. Wako mashoto wengi waliofuata njia hiyo wakafaulu. Basi mama, mjaribu mtoto. Mpe ufagio, fungua redio, umwambie ajifanye anapiga gitaa. Usimwelekeze. Rudia kesho na kesho kutwa. Ikiwa mara anachuna kwa kulia, mara kwa kushoto, mfundishe kwa kulia na utaokoa fedha. Lakini ikiwa kila siku mkono unaochuna ni wa kushoto, usimshurutishe. Mtoto anayepigana na mkono wake mwenyewe hukata tamaa kabla ya muhula kwisha.

Sasa tuje kwa urefu, jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Urefu unaohusika si wa gitaa zima. Ni wa uzi unaolia, kutoka kile kijiti chenye mifereji sita mwishoni mwa shingo hadi kwenye daraja. Gitaa la kawaida la umeme la aina ya Fender Stratocaster lina karibu sentimita 65. Fender Mustang, ambalo lilitolewa mwaka 1964 kwa ajili ya wanafunzi, lina 61. Utasema sentimita nne ni nini? Katika freti nne za kwanza, yaani vile vyuma vilivyokingama shingoni, vidole vya mtoto vitaokoa karibu milimita 8. Kwa kidole cha mwisho cha mtoto wa miaka 12, hiyo ni tofauti ya kufika na kutofika. Pia uzi uleule, ukikazwa kwa sauti ileile, huwa laini zaidi, kwani mkazo hupungua kwa kiasi cha asilimia 11.

Nenda dukani na utepe wa fundi cherehani. Pima kutoka kile kijiti hadi freti ya 12, kisha uzidishe kwa mbili. Ukipata sentimita 30 na nusu mara mbili, hilo ndilo fupi unalotafuta. Muuzaji akikwambia gitaa ni la watoto, pima tu. Mengine ni vitu vya kuchezea, mbao nyembamba zisizokaa na sauti hata kwa wimbo mmoja.

Gitaa fupi, la umeme, la kushoto, na zuri. Mambo yote manne kwa pamoja ni adimu hata Nairobi, maana viwanda hutengeneza machache na mwenye duka hununua kinachotoka haraka. Familia nyingi za Gusii zina ndugu huko Minnesota, na ndugu anayekuja likizo anaweza kulibeba. Lakini mtoto hukua wakati mkisubiri likizo.

Kwa maoni yangu, mama anunue gitaa fupi la kulia lililo zuri, kisha aligeuze. Jimi Hendrix, mashoto aliyefariki mwaka 1970, alichukua Stratocaster za kulia, akazipindua na kuzifunga nyuzi upya. Albert King alipindua bila hata kuhamisha nyuzi, zile nene zikawa chini. Elizabeth Cotten, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa miaka ya 1890, alifanya vivyo hivyo tangu akiwa msichana mdogo, akipiga besi kwa vidole na wimbo kwa kidole gumba. Mimi singemwanzishia mtoto njia hiyo ya wawili hawa wa mwisho, kwa kuwa mwalimu wa kumfundisha atampata wapi? Afunge nyuzi upya kama Hendrix.

Chagua lenye pembe mbili zinazokaribiana kwa ukubwa, moja kila upande wa shingo. Lenye pembe moja likipinduliwa litauzuia mkono usifike freti za juu. Liwe la umeme kweli, la ubao mzima, kwa sababu kwenye daraja lake kila uzi mara nyingi hurekebishwa peke yake kwa bisibisi. Gitaa kavu ni taabu. Daraja lake limegundishwa, na kipande kinachobeba nyuzi kimewekwa mshazari kwa ajili ya mkono wa kulia.

Kazi ya fundi ni kile kijiti. Mfereji wa uzi mnene ni mpana, na uzi mwembamba ukiwekwa humo utacheza na kulia ovyo. Achonge kipya, cha mfupa wa ng'ombe. Mchongaji wa Tabaka ana tupa na subira ya kutosha, ila asije akatumia jiwe la sabuni, ni laini mno. Kisha ahamishe kifungo cha mkanda hadi pembe ya pili. Vile vitufe vya sauti vitabaki juu, karibu na mkono, na mtoto atavizoea.

Kabla ya kulipa, tazama shingo kwa jicho moja kama fundi anavyotazama ubao, uone kama imepinda. Chomeka kwenye amplifaya, zungusha kila kitufe. Kikikwaruza, dai bei ipunguzwe.

Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 katika sekondari pevu wanaweza kufuata mkondo wa sanaa na michezo, kwa hiyo baba naye asiseme ni mchezo wa kupoteza wakati. Na kama nyumba ni ndogo, gitaa la umeme lisilochomekwa halimwamshi mtu.

Nyuzi za kwanza ziwe namba 10, ama 11 zikilegea sana. Mvua ya Kisii haina huruma na chuma, kwa hiyo mama atie kitambaa kikavu mfukoni mwa gitaa, na binti azifute kila anapomaliza.